Re: Majina ya waliopata mbolea ya ruzuku ni siri?

Kaka wa Handeni, umeuliza kama orodha ya waliopata mbolea ya ruzuku inaweza kubandikwa ofisi ya kijiji au ni siri ya mtu kama mtendaji wenu anavyosema. Mi nasema ibandikwe, ile ni hela ya wananchi jamani. Enzi za zile vocha za kununulia mbolea ya ruzuku zilizoanza 2008 majina yalitakiwa yapite mkutano mkuu wa kijiji, na huku kwetu Muheza yakisomwa watu walikua wanasimama hapohapo, "huyo shamba lake liko wapi?", na mwenyekiti lazima ajibu. Sasa hivi unajisajili, unapewa namba, unaenda kwa wakala, ni haraka kweli lakini jirani hajui nani kaandikisha heka ngapi, hapo ndo mwenye heka mbili anaweza kujaza ishirini na asijulikane.

Hata Ulaya walivutana sana. 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilizuia majina ya wakulima binafsi wanaopata ruzuku kutangazwa kwa utaratibu wa wakati ule, baadae sheria ikarekebishwa majina yakarudi, wanaopata kidogo sana ndo hawatajwi. Namba ya simu na NIDA zisibandikwe, hapo nakubali kabisa, ila jina, heka na mifuko vionekane.

We muandikie barua mtendaji, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30 kukujibu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.