Jibu: Kwa nini kwaya inapotea ikihamia F shapu

Mkuu, umeuliza kwa nini kwaya yako ikitoka ufunguo wa C (do ikiwa C) kwenda G inafuata vizuri, lakini ukiipeleka F shapu (F iliyopandishwa nusu toni) inapotea. Angalia mduara wa tano, yaani funguo zote zikipangwa kwa duara, kila mmoja noti tano juu ya uliotangulia. Kutoka C panda noti tano, C yenyewe ikiwemo: C, D, E, F, G. C na G ni majirani, noti sita kati ya saba ni zilezile. Inayobadilika ni F tu. Kwa solfa, fa inapanda inakuwa fe, na hiyo fe ndiyo ti ya ufunguo mpya. Waimbaji wakiisikia, do mpya wanaipata wenyewe. Ndiyo maana napenda sana kinanda kipige D7 (D, F shapu, A na C kwa pamoja) kabla ya kuingia G: fe imo humo.

Ukienda F, ti inashuka kuwa ta, ambayo ni fa mpya.

F shapu iko hatua sita kutoka C, ng'ambo kabisa ya mduara. Zinazobaki ni B na F tu (huko F huandikwa E shapu). Basi zitumie hizo hizo: piga G7 (G, B, D na F kwa pamoja), shikilia B na F, kisha G ipande nusu toni na D ishuke nusu toni. Hiyo tayari ni C shapu 7, nayo inaingia F shapu moja kwa moja.