Mfungaji bora wa Jamaica wa muda wote

Umeuliza ni mwanamume gani anayeongoza kwa mabao timu ya taifa ya Jamaica. Kwa wanaume ni marehemu Luton Shelton, mabao 35. Ila rekodi ya nchi nzima anayo mwanamke: Khadija Shaw, maarufu kama Bunny, ambaye ameshavuka 50.

Ni mzaliwa wa Spanish Town, 1997. Alipitia Chuo Kikuu cha Tennessee huko Marekani, kisha Bordeaux ya Ufaransa, na msimu wa 2020/21 akawa mfungaji bora wa ligi ya wanawake ya Ufaransa kwa mabao 22. Hapo Manchester City wakamchukua.

Msimu wa kuuangalia ni 2023/24. Alipachika mabao 21 kwenye ligi ya wanawake ya England na kubeba kiatu cha dhahabu, tena akikosa mechi za mwisho baada ya kuvunjika mguu. City wakamaliza wakiwa sawa na Chelsea kwa pointi, ubingwa ukaenda Chelsea kwa tofauti ya mabao. Mimi naamini angekuwa mzima, kombe lingekuwa la City. Mashabiki wa Chelsea mtanisamehe.

Wengi husema anafunga kwa sababu ya urefu tu. Hapana bwana. Mtazame anavyopokea mpira akiwa ameupa goli mgongo, beki anamvuta jezi, naye anageuka na kupiga kwa mguu wowote. Kichwa ni nyongeza.