Shangazi, hivi mi niko sawa kweli?

Toleo lililopita niliwauliza kitu kimoja tu: nyumbani kwako unafanya nini ambacho mgeni akija unaacha kwanza, akiondoka unaendelea? Jamani. Nilidhani ntapata meseji tano sita za kuchekesha nijaze ukurasa nikapumzike, kumbe watu mna mambo. Wengine mmeandika usiku wa manane, na karibu wote mnamalizia na swali lile lile, Shangazi hivi hii ni kawaida? Nimechagua chache, majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Na wewe wa Kimara, ile ya mkwe wako na taulo ntakujibu pembeni mdogo wangu, hayo sio ya gazetini.

Madumu kumi na moja

"Shikamoo Shangazi. Nina madumu 11 ya maji, ya lita 20, nimeyapanga koridoni kuanzia mlango wa jikoni mpaka chooni. Nyumba tuliyopanga hapa Tabata ina bomba la ndani na tenki juu, na maji yanatoka. Lakini dumu likipungua tu situlii, nitalijaza hata saa tano usiku. Juzi mume wangu kajikwaa nalo gizani, kidole kimevimba, anasema huu sasa ni ugonjwa. Ni ugonjwa?"

Marahaba mwanangu. Ungekuwa unaishi mahali ambapo maji hayajawahi kukatika ningesema haya twende ukaonwe, ila wewe uko Tabata. Mwezi wa kumi 2022 Mto Ruvu ulipungua mpaka DAWASA, wale wa maji wa Dar, wakatangaza mgao, na Dar hii hii watu wenye marumaru na geti la umeme walikuwa wanakimbizana na boza na wenye maguta ya maji, sasa mtu aliyepita pale akifungua bomba likatoa ule upepo tu, ffff, unategemea moyo wake ubaki palepale? Mi mwenyewe nna ndoo tatu na beseni, na jirani akisema tu "leo presha ndogo" naacha chochote nilichoshika. Mume mwambie pole ya kidole, ila ugonjwa hapana.

Mi swali langu ni lingine: unayafunika? Maana mbu wa dengue sio yule wa malaria tuliyemzoea wa usiku, huyu ana madoa meupe miguuni, anauma mchana kweupe, na anapenda maji masafi yaliyotulia karibu na watu, yaani kama hayo yako. 2019 dengue ilipiga Dar watu wakawa wanapishana mapokezi hospitali, homa na viungo vinauma kama umepigwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki hivi, siku kumi, kwa hiyo dumu lisilo na kifuniko lisimalize wiki halijaguswa. Anza na la zamani, usitumie kila siku lile la mlangoni huku la mwisho lina maji ya Pasaka. Na kumwaga tu hakutoshi, mayai yanaganda ukutani kwa ndani pale maji yanapoishia na yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri maji, kwa hiyo tia mchanga na maji kidogo, funga, tikisa mpaka bega liume, suuza. Halafu yapunguze yawe sita, baba apate njia.

Friji inalala na sisi

"Mume wangu saa nne usiku anazima friji, anawasha saa kumi na mbili asubuhi. Anasema usiku hatuli kwa hiyo friji nayo haina kazi. Eti kwao ndo walivyolelewa. Kwetu friji haikuwahi kuzimwa mpaka ilipokufa yenyewe. Nani hayuko kawaida hapa?"

Hahaha, wako wengi hao, na wengine wameniandikia wenyewe wakijisifu. Najua anachohesabu, anataka mbaki kwenye zile uniti 75 kwa mwezi za bei ya chini, maana ukizivuka ukawa mteja wa kawaida LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, inanunuliwa kwa machozi. Nia yake nzuri. Hesabu ndo mbovu. Friji hainywi umeme muda wote, inawaka, inapoa, inajizima yenyewe, na usiku mkiwa hamfungui mlango ndo inafanya kazi kidogo kuliko saa yoyote ile. Ukiizima masaa manane vitu vinapata joto, asubuhi inanguruma kurudisha ubaridi, sehemu ya ulichookoa inarudi palepale. Na friji iliyofungwa bila umeme inatunza chakula kama masaa manne hivi, baada ya hapo nyama na maziwa vimeshaanza safari yao.

Kama anataka uniti kweli mpe kazi. Achukue noti ya elfu moja, aibane kwenye mlango wa friji, aivute. Ikitoka kirahisi mpira umechoka na baridi inavuja usiku na mchana, fundi abadilishe. Aisogeze friji kidogo kutoka ukutani ipumue kwa nyuma. Na nguo zipigwe pasi zote kwa mkupuo mmoja, sio kila asubuhi shati moja, pasi ndo mlaji humo ndani.

Ila kuna kitu umekitaja mwishoni mwa meseji yako kama utani, kwamba wali wa usiku mnauacha jikoni kwenye sufuria "kwa vile friji imezimwa" halafu asubuhi kiporo na chai. Mdogo wangu kiporo mi nakipenda, kile cha kupasha na kitunguu mpaka kikaukie chini, sitaki mtu aniambie ni umaskini. Lakini wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, ukiuacha wa uvuguvugu usiku kucha zinaamka, zinatengeneza sumu, na hiyo sumu kupasha hakuiondoi. Ndo lile tumbo la asubuhi mnalosingizia samaki. Wali ukishapoa kidogo, ndani ya masaa mawili uwe kwenye friji, na friji iwe inawaka. Mwoneshe aya hii.

Za haraka haraka

Wa Mbeya unayebandika kipande cha sabuni cha zamani kwenye sabuni mpya, uko sawa, ila vilowanishe vyote kwanza ndo vinashikana. Unayekata dawa ya meno kwa mkasi ufute ya ndani, uko sawa na naamini una akiba benki. Uliyeandika kwamba makopo ya aiskrimu kwenu yana maharage, dagaa, vifungo, na moja tu ndo lina aiskrimu na hakuna anayejua ni lipi, hapo hakuna swali. Wa Mombasa mwenye mifuko ya plastiki chini ya godoro tangu Kenya walipoipiga marufuku 2017, dada yangu, acha kuitunza, imeshakuwa ushahidi. Na mama mwenye vyombo vya wageni ambavyo hata wageni hawajawahi kuvilia, miaka 19 kabatini: mgeni unayemsubiri ni nani lakini?

Mchele mbichi

"Shangazi mi nna miaka 26, nipo Morogoro. Natafuna mchele mbichi. Ilianza nikiwa nachambua, natupia punje mbili tatu mdomoni, sasa hivi natembea nao kwenye pochi kwenye kimfuko cha karanga. Kikombe kizima kwa siku. Ule mlio wake ndo naupenda. Kazini wanajua wananiita kuku. Mchumba hajui."

Hapa sicheki mwanangu, nisikilize vizuri. Kwanza hauko peke yako, wanawake wengi mno wanatafuna mchele, wengine udongo wa pemba ule wa vijiti sokoni, wengine barafu, na mjamzito akifanya tunasema "mimba hiyo" basi tunamaliza. Lakini mara nyingi hiyo hamu inaenda na upungufu wa madini chuma, yaani damu ndogo. Nataka ujiulize: hedhi yako nzito? Unapanda ngazi moyo unakimbia? Ukichuchumaa ukiinuka kizunguzungu? Kope kwa ndani zimekuwa nyeupe? Mara ya mwisho kunywa dawa ya minyoo lini?

Wiki hii nenda zahanati, waambie nataka kupima wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu, mjamzito chini ya 11. Na muhimu, mwambie daktari kuhusu huo mchele, usione aibu ukasema "nachoka tu". Wakikupa vidonge vya kuongeza damu usivimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini, meza na maji au juisi ya chungwa, na vimalize hata choo kikiwa cheusi, ndivyo vilivyo. Wengi chuma kikirudi ile hamu inakatika yenyewe, wanashangaa walikuwa wanatafuna nini. Meno nayo yahurumie, kijiwe kimoja tu kinatosha kukuvunja jino. Na anayetafuna udongo asome hapa pia, huo wenyewe unaweza kuzuia chuma na ukaja na mayai ya minyoo juu.

Mchumba mwambie. Mtu atakayekula na wewe maisha yote akijua leo kwamba unatafuna mchele hatakufa.

Mkono hauamini

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, Mwanza. Kila usiku nafunga mtungi wa gesi, nalala, naamka narudi kuuzungusha, nanusa, narudi kitandani, naamka tena. Jana nilihesabu mara 14. Asubuhi kufuli la mlango hivyo hivyo, nafika kituo cha daladala narudi. Nimeshapewa barua ya onyo kazini. Kinachoniuma ni kwamba nikiwa nimeishika ile koki naona kabisa imefungwa, lakini mkono hauamini."

Marahaba kaka yangu. Kuangalia gesi mara moja, mara mbili, ni akili, mi naomba kila mtu aangalie. Mara 14 ni kitu kingine, na umekieleza vizuri kuliko ambavyo ningekieleza mimi.

Kuna watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, mwaka 2003 walichapisha jaribio ambapo waliwapa watu wazima wasio na shida yoyote jiko la gesi la kwenye kompyuta, wakawa wanaliwasha, wanalizima, wanahakikisha, tena na tena. Mwisho wakawauliza umehakikisha plate zipi? Walijibu sawasawa, kumbukumbu ilikuwa sahihi, ila hawakuwa na uhakika nayo tena, picha kichwani imefifia. Yaani kule kurudi ndo kunakokula uhakika. Wewe unadhani mara ya 15 itakutuliza kumbe ndo inakuongezea ukungu.

Wataalamu wana kipimo kimoja chepesi, mambo haya yakikula zaidi ya saa moja kwa siku, au yakiharibu kazi na usingizi, sio tabia tena, ni tatizo linalotibika. Una barua ya onyo mkononi, usisubiri ya pili. Hospitali ya rufaa uliza kitengo cha afya ya akili, na ukisikia "afya ya akili" usianze kuwaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na vichekesho vya watu, hakuna anayekufungia. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mazoezi: unafunga mara moja, unaondoka, ile hofu inapanda, hurudi, unaiacha ipande mpaka ishuke yenyewe, kesho tena. Mara nyingine na dawa juu yake. Kuna mtu atakushauri upige picha ya koki kwenye simu, kwa msahaulifu wa kawaida ni wazo zuri, kwako wewe nakataa, utaamka mara 14 kuangalia picha. Na mke asikuhakikishie kila saa, najua anafanya kwa upendo.

Niandikie ukishaenda.

Fagio la usiku

"Mama mkwe kaja kukaa na sisi. Nikifagia baada ya magharibi ananyang'anya fagio, eti nafagia baraka nje. Mi narudi kazini saa moja usiku, nifagie saa ngapi?"

Maelezo ninayoyapenda ni yale ya enzi za kibatari, ukifagia gizani unaweza kutoa nje hereni au senti ya mtu bila kuiona. Sasa una taa ya kila aina, lakini una na mama mkwe. Fagia, takataka usizitoe, zisukumie nyuma ya mlango na kizoleo chake, asubuhi unatoa. Sebule safi, baraka ziko ndani, kila mtu kashinda.

Hodi

"Shangazi naishi peke yangu chumba kimoja, Tanga. Kila nikirudi nabisha hodi kwangu mwenyewe ndo nafungua. Mara mbili. Najua hamna mtu. Ni kawaida?"

Ni adabu nzuri mwanangu, kwenye Uislamu hata nyumba tupu ina salamu yake, na mjusi naye apate muda wa kujisitiri. Endelea tu. Ila siku utakayosikia "karibu", usiingie, shuka kwa mwenye nyumba kwanza, mengine utaniandikia ukiwa huko.