Uliza Fundi: Pampu mpya, na gari bado linazimika

Swali

Assalaam alaykum Ami Fundi. Mimi ni mpishi wa harusi, nakaa Kisauni. Nina Toyota Fielder ya injini ya 1NZ, ya petroli, gia za otomatiki. Tangu kuingia kaskazi gari linazimika lenyewe njiani. Halikohoi wala halitetemeki, linakufa ghafla kana kwamba mtu amefunga ufunguo. Taa nyekundu za dashibodi zinawaka na redio inaendelea kuimba. Nikipiga staata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Nikingoja kama robo saa linawaka na kwenda zake. Hunifanyia hivyo mchana, kwenye foleni, gari likishapata moto. Alfajiri nikienda sokoni Kongowea halijanisumbua hata mara moja. Juzi lilinizimikia juu ya Daraja la Nyali, masufuria ya biriani yako nyuma na watu wanangoja Tudor.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alilikuta limegoma, akategea sikio tangini huku mwenzake anapiga staata, akasema pampu haiungurumi, akaweka mpya. Wa tatu alichomeka kompyuta akasema haioni kosa, na sasa anataka ninunue koili zote nne. Kuna jambo jingine, sijui kama lina maana: aliyeniuzia alikuwa amelichukulia mkopo, na chini ya usukani bado kuna kisanduku cha traka, kile cha kufuatilia gari lilipo. Nifanye nini? Hata feri naogopa kulipandisha.

*Mpishi, Kisauni*

Jawabu

Waalaykum salaam, mwanangu. Pesa za koili ziweke, zitakufaa kwa mchele.

Injini yako ina silinda nne, na kila silinda ina plagi yake ya kupiga cheche na koili yake ya kuipa plagi hiyo umeme. Koili moja ikifa, gari linatetemeka, linakosa nguvu na taa ya injini inapepesa, lakini silinda tatu zitakufikisha nyumbani. Koili nne zife pamoja kwa sekunde moja, kisha zifufuke pamoja baada ya robo saa? Hilo sijaliona kwenye karakana yangu hapa Majengo na sitarajii kuliona. Kinachozima silinda zote kwa mpigo ni kitu kinachozihudumia zote: mafuta, umeme mkuu, au ile habari ambayo kompyuta ya gari huitegemea ili ijue lini ipige cheche na lini inyunyize petroli.

Barua yako imenisaidia kuliko wateja wengi wanaoniambia tu "linazima, fundi" kisha wakaenda kunywa kahawa. Umesema taa zinabaki na redio inaimba, kwa hiyo umeme mkuu wa gari upo. Umesema halikohoi. Pampu ya petroli ikichoka kwa kawaida haifi hivyo: presha hushuka, gari likavuta vibaya kwenye mwinuko, likashtukashtuka, ukikanyaga mafuta likazidi kuzubaa, ndipo likazimika. Sisemi pampu haifi. Mwaka 2020 Toyota yenyewe iliita mamilioni ya magari duniani kwa sababu ya pampu za tangini zilizoweza kusimama njiani. Na hapa kwetu dereva anayetembea kutwa taa ya mafuta imewaka anaiua pampu kwa mkono wake, maana petroli iliyomo tangini ndiyo inayoipoza. Lakini dalili zako hazisemi pampu.

Fundi wako wa pili masikio yake ni mazima. Pampu kweli ilikuwa kimya. Kosa ni hukumu aliyoitoa. Kwenye gari lako pampu haijiamulii. Huwashwa na rilei, yaani swichi inayofunguliwa na kufungwa kwa umeme, na rilei huamrishwa na kompyuta pale tu inapojua kwamba injini inazunguka. Kompyuta inajuaje? Kuna sensa ya krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni za injini. Sensa yenyewe ni kidude kidogo kilichofungwa chini upande wa fenbelti, karibu na puli ya krankshafti. Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Mbele yake linapita gurudumu lenye meno 34, na nafasi ya meno mawili iliyoachwa makusudi. Kila jino likipita, sensa inatoa mpigo mdogo wa umeme. Ile nafasi tupu ndiyo inayoiambia kompyuta krankshafti imefika wapi. Sensa hiyo ni kama mpiga ngoma: akiacha kupiga, wachezaji wote husimama. Kompyuta inaona injini imekoma, inakata cheche, inakata petroli, na pampu nayo inanyamazishwa. Imetengenezwa hivyo ili gari likipata ajali na injini kusimama, pampu isiendelee kumwaga petroli. Basi kimya cha pampu si ushahidi kwamba imekufa. Huenda imeamrishwa kunyamaza.

Na kwa nini mchana? Ule waya mwembamba ukishapata ufa, joto huutanua na mpigo unakatika. Ukipoa, ufa unajifunga na kila kitu kinarudi. Kwenye foleni ya daraja, AC imewashwa na hakuna upepo wa kupita chini ya boneti, huko ndani ni tanuri. Injini ikishazimika maji yake hayazunguki tena, kwa hiyo joto hupanda zaidi kabla ya kushuka, ndiyo maana unalazimika kungoja. Alfajiri ya Kongowea hali hiyo haipo.

Hata hivyo sijakuambia ununue sensa. Ningeanza na kile kisanduku.

Wakopeshaji hufunga traka yenye rilei ya kuzimia gari. Ili ifanye kazi, mfungaji hukata waya wa gari, mara nyingi wa pampu au wa swichi ya ufunguo, akapitisha umeme kwenye rilei yake. Wako wanaofanya kazi hiyo kwa usafi. Wengine husokota nyaya kwa vidole, wakavingirisha tepu, wakafunika plastiki na kuondoka. Mwaka wa kwanza hakuna tatizo. Kisha hewa yetu ya chumvi inaingia, shaba inageuka kijani, gundi ya tepu inayeyuka kwa jua la Machi, na kiungo kinaanza kushika na kuachia. Gari likizimika kwa sababu hiyo, dalili zinaweza kufanana na za sensa kwa kila kitu ulichoandika. Na kukagua ni bure.

Kwa hiyo fanya hivi. Gari likiwa limesimama uani na injini inanguruma, mwambie fundi wa umeme atikise nyaya za traka moja moja, aguse rilei yake aone kama ina moto wa kuchoma. Injini ikishtuka au ikizimika, mwizi kashikwa. Kama deni la mwenye gari wa kwanza limekwisha na logibuku iko kwa jina lako, atoe mtambo wote na aurudishe waya wa asili kwa kuuchomea risasi, si kusokota. Kama deni bado lipo, usiguse kitu. Mwite aliyeuza akaongee na mkopeshaji wake, kwani kukata traka ya mtu mwenye deni huleta kesi. Na hili la deni liulizie kwa vyovyote: traka nyingi huzima gari kwa ujumbe wa simu.

Nyaya zikiwa safi, rudi kwenye sensa. Siku likizimika tena, kabla hujagusa ufunguo tazama mshale wa RPM, ule wa kasi ya mzunguko wa injini, huku gari bado linasererekea. Ukianguka hadi sifuri papo hapo, mpigo wa sensa umekatika. Ukishuka polepole pamoja na mwendo, tafuta mafuta au umeme wa cheche. Ukipiga staata na mshale hautikisiki hata kidogo, shaka inazidi. Hiyo ni ishara tu, lakini ni ishara nzuri. Kisha fundi wako avue soketi ya sensa atazame kama mna kutu au oili, maana mara nyingine sensa ni nzima na ugonjwa uko kwenye soketi. Gari likiwa limegoma kwa moto, aifunge kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Ikipoa na injini ikashika mara moja, hapo sasa fungua pochi.

Yule wa tatu mwenye kompyuta alichomeka mashine gari likiwa limepoa na linatembea. Angeona nini? Msimbo wa sensa hii ni P0335, lakini kukatika kwa muda mfupi si lazima kuandikwe kumbukumbuni, na fundi aliyetangulia akivua waya wa betri hufuta kilichokuwepo. Mashine ile ile ina kazi bora zaidi: apande nawe saa sita mchana, airekodi RPM mkiwa njiani, apite nawe Kongowea hadi darajani mpaka ugonjwa ujitokeze. Akikataa kwa sababu ya jua, tafuta mwingine.

Ukifika kununua, mimi huchagua sensa ya eks-Japani, yaani iliyotumika kutoka Japani, iliyotolewa kwenye injini ya 1NZ iliyokatwa kuliko mpya ya bei rahisi yenye boksi la kupendeza. Za boksi nimezirudisha dukani kiasi cha wenye maduka kunikimbia.

Kuhusu feri, usilipandishe mpaka lipone. Kazi ikiwa ng'ambo ya Likoni, azima gari jingine. Na likikuzimikia ukiwa kwenye mwendo, washa taa za hatari, weka gia N, elekea kando. Breki bado zitashika, ila ukikanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kwa kuwa usaidizi wa injini umekwisha, basi kanyaga mara moja kwa nguvu na usiachie. Usiurudishe ufunguo nyuma hadi mwisho wala kuutoa, usukani utajifunga.

Swali

Mzee Fundi, shikamoo. Langu huzimika nikipita matuta ya barabarani, na likizimika hata redio na taa za dashibodi zinakufa, halafu zinarudi zenyewe. Betri ni mpya.

*Dereva wa teksi, Bamburi*

Jawabu

Marahaba, baba. Wewe huna ugonjwa wa Mpishi. Redio ikifa pamoja na injini, umeme mkuu unakatika. Betri mpya haisaidii kitu kama tamino, vile vishikio vya nyaya juu ya betri, zimeota ukungu wa kijani au hazikukazwa. Vua zote mbili, zisugue hadi ziwe nyeupe, mwagia maji ya moto kwenye uchafu, kaza, kisha paka grisi juu. Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Wenye magari ya pwani hawautazami waya huo mpaka ukatike.

Pakiwa safi, tazama ufunguo wako. Nina hakika umeutundika na funguo za nyumba, za duka na kifungulia soda. Kwenye tuta uzito huo huvuta swichi, na swichi iliyolika hutoka mahali pake. Si jambo dogo: mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliita magari yapata milioni 2.6 kwa swichi za ufunguo zilizoteleza hivyo na kuzima injini gari likiwa mbioni, na watu walikufa. Tembea na ufunguo mtupu kwa wiki. Gari likitulia, badilisha swichi, usiridhike na kupunguza funguo tu.

Swali

Fundi, Vitz yangu haizimiki nikiwa kwenye mwendo. Huzimika nikiachia mafuta na kusimama kwenye taa za barabarani, zaidi nikiwa nimewasha AC. Nikikanyaga mafuta kidogo haizimiki.

*Msomaji, Mikindani*

Jawabu

Throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ni chafu. Masizi yamejaa pembezoni mwa kisahani chake kinachofunguka na kufunga, hewa ya kupumulia injini ikiwa imetulia haitoshi, na AC inapoongeza mzigo injini inashindwa. Isafishwe kwa dawa ya throto na kitambaa laini, bila kukisukuma kisahani kwa bisibisi kama ni cha umeme. Baada ya hapo injini huenda ikanguruma juu au chini kwa muda mpaka kompyuta ijizoeze upya, kwa hiyo usimrudie fundi siku hiyo hiyo kwa ugomvi. Isipopona, akague mipira ya hewa inayotoka kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda; ukisikia mlio wa fyuuu, umepasuka mmoja.