Maswali Yenu: Sheria ya Bunduki Ikitajwa Marekani, Maduka Hufurika

Tangu tuandike kwa ufupi kwamba Wamarekani hununua bunduki kwa wingi pale wanapohofia sheria kali, barua zimekuwa nyingi. Tumechagua sita, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

Ndugu Mhariri, sielewi. Watoto wanauawa shuleni, Rais anasema silaha zidhibitiwe, na kesho yake maduka ya silaha yanafurika. Ningetarajia watu wazikimbie bunduki. Sababu hasa ni nini?

Ndugu msomaji, anzia kwenye tarehe. Sheria ya silaha Marekani hupita mikono mingi: hutajwa, hujadiliwa, hupigiwa kura katika mabaraza mawili, husainiwa, ndipo ipangiwe siku ya kuanza. Muda wote huo duka liko wazi na bidhaa ni halali. Kisha kuna jambo la pili: mara nyingi sheria hizo haziwagusi waliokwisha kununua. Anayewahi hubaki na bunduki yake kihalali, anayesubiri hukosa. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na wanunuzi wa silaha wanaijua hesabu hiyo vizuri.

Wameifundishwa na historia. Tarehe 19 Mei 1986 usajili wa bunduki za rashasha kwa raia ulifungwa. Zilizosajiliwa kabla ya siku hiyo bado huuzwa kati ya raia na raia kwa kibali maalumu, lakini haziongezeki tena. Leo rashasha moja ya aina ya M16 iliyowahi usajili ule huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Tarehe 13 Septemba 1994 ikaja sheria iliyopiga marufuku kutengeneza, kwa ajili ya raia, aina kadhaa za bunduki za semi-otomatiki (zinazotoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa) pamoja na magazini, yaani vibebeo vya risasi, zinazobeba risasi zaidi ya 10. Zilizotengenezwa kabla ya siku hiyo ziliruhusiwa kumilikiwa na kuuzwa, na sheria yenyewe ilikwisha muda wake miaka 10 baadaye, siku ile ile ya Septemba. Wakati wa mjadala bei zilipanda sana na viwanda vikatengeneza usiku na mchana. Marufuku ilipoanza, mzigo uliokwisha tengenezwa ulikuwa mwingi kiasi kwamba bei zikashuka. Waliolangua walipata hasara, lakini kumbukumbu iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya 1986.

Tazama pia bidhaa yenyewe. Bunduki haiozi. Ikipakwa mafuta na kuwekwa pakavu hudumu hata kizazi kizima, na ikihitajika huuzwa tena. Hasara ya kununua mapema ni ndogo, hasara ya kuchelewa huenda ikawa ya kudumu. Kwa hiyo aliyepanga kununua mwakani hununua leo, na aliyekuwa na moja huongeza ya pili. Sehemu kubwa ya mbio hizi ni manunuzi ya kesho yaliyovutwa hadi leo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Desemba 2012. Tarehe 14 mwezi huo watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika Shule ya Msingi ya Sandy Hook, Newtown, jimbo la Connecticut. Siku tano baadaye Rais Barack Obama alimkabidhi makamu wake, Joe Biden, kazi ya kuandaa mapendekezo. Mwezi huo mfumo wa kukagua wanunuzi ulipokea maombi zaidi ya milioni 2.7, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake. Mapendekezo yalitangazwa tarehe 16 Januari 2013. Tarehe 17 Aprili Seneti ilipiga kura: pendekezo la kupanua ukaguzi lilipata kura 54 likihitaji 60, na la kurudisha marufuku ya 1994 lilipata 40 tu. Sheria ya taifa haikuja, na bunduki zilizonunuliwa katika miezi ile minne zikabaki majumbani.

Mmetaja maombi ya ukaguzi. Je, ndiyo idadi ya bunduki zilizouzwa?

Hapana, na hapa waandishi wengi huteleza. Marekani haina daftari la taifa la mauzo ya bunduki. Kinachohesabiwa ni maombi yanayopita katika mfumo uitwao NICS, ulioanza tarehe 30 Novemba 1998 chini ya FBI, shirika la upelelezi la taifa. Mnunuzi dukani hujaza Fomu 4473, muuzaji mwenye leseni hutuma taarifa zake, na jibu huwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, au amekataliwa.

FBI huchapisha takwimu kila mwezi kwa jimbo na kwa aina ya ombi. Usichukue jumla kubwa iliyo chini ya jedwali. Kwanza ondoa maombi ya vibali na marudio yake, maana jimbo kama Kentucky huwakagua upya kila mwezi wenye vibali vya kubeba silaha, na hapo hakuna bunduki iliyouzwa. Ondoa pia silaha zinazokombolewa kutoka kwa wakopeshaji wa rehani. Halafu chukua safu ya bastola na safu ya bunduki ndefu, zidisha kila moja kwa 1.1. Safu ya maombi yenye silaha za aina zaidi ya moja zidisha kwa 2. Hicho ni kipimo ambacho wachambuzi wamekizoea, na bado ni makadirio, kwa sababu mauzo ya mtu kwa mtu katika majimbo mengi hayapiti NICS kabisa.

Mwisho, linganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia. Novemba na Desemba huwa juu kila mwaka kwa sababu ya msimu wa kuwinda na ununuzi wa sikukuu. Ukilinganisha Desemba na Septemba utaona "hofu" hata isipokuwepo.

Ukitaka kujua hofu ni ya sheria au ya usalama, angalia kilichonunuliwa. Hofu ya sheria humaliza bunduki na vifaa vinavyotajwa kwenye mswada. Hofu ya usalama humaliza bastola za kujilinda na huleta dukani watu ambao hawajawahi kushika silaha. Mwaka 2020, wenye maombi zaidi ya milioni 39, ulichanganya janga la korona, maandamano na uchaguzi, hivyo kuusimulia kama hofu ya sheria peke yake ni kosa.

Dukani nini huisha kwanza?

Kwa kawaida huanza magazini zinazobeba risasi 30, kwa sababu ni nyepesi, ni za bei nafuu, na karibu kila mswada huzitaja. Mapema mwaka 2013 zilikuwa zikiuzwa mara kadhaa ya bei yake ya kawaida. Pamoja nazo huondoka kipande cha chini cha AR-15, bunduki ndefu ya semi-otomatiki inayouzwa kwa raia, kile kinachobeba kifyatulio na namba ya usajili. Kwa sheria ya Marekani kipande hicho peke yake ndicho "bunduki": ndicho kinachohitaji ukaguzi, ilhali mtutu, kitako na vinginevyo huweza kuagizwa kwa posta. Mwenye pesa kidogo hununua vipande vya chini kadhaa, akaviweka, akajua vilivyobaki atavitafuta polepole.

Risasi hufuata, na uhaba wake hudumu kuliko wa bunduki. Baada ya 2012 risasi ndogo za .22, zinazotumiwa na wanaojifunza na wanaowinda sungura, ziliadimika kwa miaka, na maduka yaliweka kikomo cha maboksi kwa kila mteja. Kiwanda hakiwezi kuongeza kasi ghafla. Kiwashio kidogo kinachokaa kitakoni mwa risasi hutengenezwa na kampuni chache, na mashine mpya ni ghali. Mwenye kiwanda anajua mbio hizi hupita, kwa hiyo huongeza zamu za wafanyakazi badala ya kujenga kiwanda kingine. Wateja wakiona rafu tupu hununua zaidi ya haja yao, na rafu zinazidi kuwa tupu.

Je, hofu hii ina msingi, au hupandwa na wafanyabiashara?

Yote mawili, na lazima kutenganisha taifa na majimbo. Kwa taifa, tangu 1994 hofu imekuwa kubwa kuliko sheria zilizopita. Kwa majimbo msingi upo. New York ilipitisha sheria kali tarehe 15 Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Sandy Hook. Connecticut na Maryland zilifuata mwaka huo huo, Illinois mwaka 2023. Mkazi wa huko aliyenunua mapema hakuwa akiota.

Lakini hakika kuna wanaovuna. Tangazo la "nunua kabla hawajakuzuia" limeuza silaha nyingi, na mara kadhaa hisa za kampuni za silaha zimepanda baada ya mauaji. Jambo hilo linatuuma kuliandika, na halifichiki. Thibitisho la kinyume lilionekana Novemba 2016. Maduka yalikuwa yamejaza stoo yakitarajia Hillary Clinton, mgombea urais aliyeahidi kudhibiti silaha, ashinde. Donald Trump alishinda, hisa zikaporomoka kesho yake, na viwanda vikaanza kutoa punguzo ili kumaliza mzigo. Machi 2018 kampuni ya Remington, iliyoanzishwa 1816, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Ilikuwa na matatizo mengine pia, lakini kupotea kwa hofu kuliibana.

Mbio zikipita, kuna madhara gani?

Yapo, na tunaomba yasomwe kwa makini. Wachumi Phillip Levine na Robin McKnight wa Chuo cha Wellesley walichunguza miezi iliyofuata Sandy Hook. Walikadiria kwamba bunduki milioni 3 za ziada ziliuzwa, na kwamba watu takriban 60 zaidi walikufa kwa ajali za risasi, 20 kati yao wakiwa watoto. Bunduki mpya huletwa nyumbani kwa haraka, na ya zamani hutolewa kabatini kusafishwa au kuonyeshwa. Ikiachwa na risasi ndani, mahali mtoto anapofika, yaliyobaki ni suala la dakika. Kisanduku cha kufuli kwa silaha, na risasi mahali pengine penye kufuli lake, ni ununuzi wa kufanywa siku ile ile.

Dosari nyingine iko kwenye ukaguzi wenyewe. Jibu likiwa "subiri" na siku 3 za kazi zikapita bila uamuzi, sheria ya taifa inamruhusu muuzaji kutoa silaha. Maombi yakifurika, mafaili yanayovuka siku hizo huongezeka. Mwaka 2015 aliyewaua watu 9 kanisani Charleston, Carolina Kusini, alikuwa amepata bastola yake kwa njia hiyo. FBI ilikiri baadaye kwamba alistahili kukataliwa. Tangu 2022 wanunuzi walio chini ya miaka 21 huweza kucheleweshwa hadi siku 10 za kazi rekodi zao zikitia shaka.

Sheria ingeandikwaje ili isiamshe mbio hizo?

Fupisha muda. New Zealand, baada ya mauaji ya Christchurch ya tarehe 15 Machi 2019, ilibadili daraja la bunduki za semi-otomatiki, zisinunuliwe tena bila kibali maalumu, kwa amri ya serikali iliyoanza saa 9 alasiri ya siku ile ile ilipotangazwa, tarehe 21. Bunge lilipitisha sheria kamili Aprili, wakati hapakuwa na cha kuwahi tena. Jimbo la Washington lilifanya lililo karibu na hilo: marufuku ya kuuza iliyosainiwa tarehe 25 Aprili 2023 ilianza papo hapo, ingawa miezi ya mjadala ilikuwa imeshawapa watu nafasi. Maryland ilisaini Mei 2013 na kuanza tarehe 1 Oktoba, na polisi wa jimbo wakazidiwa na maombi.

Hata marufuku ikisimamishwa kwa muda mfupi, watu hukimbilia kununua kabla haijarudi. Mwishoni mwa Machi 2019 jaji wa California alifuta marufuku ya magazini kubwa, na amri yake ikasitishwa tarehe 5 Aprili saa 11 jioni. Katika wiki hiyo moja wakazi waliagiza magazini kwa wingi mno, na zilizonunuliwa katika siku hizo zikalindwa na amri ya mahakama wakati rufaa ikiendelea.

Njia hii ya haraka ina gharama Marekani. Magavana wengi hawana uwezo wa kutoa amri kama ya New Zealand, na sheria isiyotoa muda hupingwa mahakamani siku ya pili. Anayeandika mswada bila kulifikiria hilo anawaandalia wenye maduka msimu mzuri wa mauzo.