Je, "wamelala" na "ni wavivu" ni kauli moja?

SWALI: Msomaji wa Likoni anaeleza kwamba mfanyakazi mwenzake, mgeni hapa Mombasa, aliwaona wavuvi wamejinyoosha barazani saa nne asubuhi, akaandika katika ripoti ya ofisi: "Wapwani ni wavivu." Msomaji alipomtaka aandike "wavuvi walikuwa wamelala", akajibiwa kwamba maana ni ile ile. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada, wewe ndiye uliye sahihi. Sentensi zote mbili ni sanifu, lakini maana zake ziko mbalimbali. "Walikuwa wamelala" ina wakati na hali, na aliyekuwapo anaweza kuithibitisha au kuikanusha. Katika "ni wavivu" tendo limetoweka pamoja na wakati wake, na kishirikishi "ni" kinawabandika watu tabia isiyo na mwanzo wala mwisho. Isitoshe, kwa kuwa Kiswahili hakilazimishi kutaja "baadhi" wala "wote", jina "Wapwani" likifuatwa na kauli kama hiyo husomwa kuwa ni Wapwani wote. Mwenzako aliona usingizi, akaandika uvivu. Hakuuliza watu wale walirudi pwani saa ngapi, ilhali mvuvi aliyekesha baharini na nyavu zake hana wakati mwingine wa kulala ila huo.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu wa saikolojia ya jamii. Mwaka 1988 Gün Semin na Klaus Fiedler walipanga maneno tunayowaelezea watu katika ngazi nne, kuanzia kitenzi kinachotaja tendo lililoonekana hadi kivumishi kinachotaja tabia. Mwaka uliofuata Anne Maass na wenzake, wakiwachunguza watu wa mitaa inayoshindana katika mbio za farasi nchini Italia, waligundua kwamba ovu la hasimu huelekea kupandishwa hadi kwenye tabia, na ovu la mwenzetu huachwa kwenye kitenzi. Kwa mema, mambo hugeuka: wetu ni mkarimu, wa kwao alisaidia siku ile tu.

Nasi Wapwani hatujasalimika. Mtu akisukumana kwenye foleni ya feri, akiwa wa kwetu twasema "alikuwa na haraka". Akiwa mgeni, "watu wa bara wana fujo". Hilo linaniuma sawasawa na lile la ripoti.

Sisemi majina ya tabia yafutwe, kwani aliyejulikana kwa ulevi miaka mingi ni mlevi, na lugha inalihitaji jina hilo. Ila katika ripoti hiyo mwenzako aandike: "Saa nne asubuhi niliwakuta wavuvi kadhaa wamelala barazani." Akitaka kuongeza sababu, kwanza awaulize wenyewe.