Niliogopa maji hadi miaka 36, nikaanzia kwenye beseni

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama mtu wa miaka 39 bado anaweza kujifunza kuogelea. Umesema maji yakikufika kifuani moyo unakwenda mbio na kichwa kinazunguka, na unataka kujua uanzie baharini au bwawani. Nimesoma majibu ya waliotangulia. Huyo anayekwambia "tafuta mtu akusukume kwenye kina, utajua mwenyewe" mpuuze, tena mpuuze kabisa. Mimi nilisukumwa, nikiwa chuo, kwenye sherehe, watu wakicheka. Kusukumwa kule kulinigharimu miaka 14.

Mimi ni mzaliwa wa Sengerema. Watu wakisikia hivyo wanadhani nilizaliwa na mapezi, lakini wengi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria hatujui kuogelea, hasa sisi wasichana. Wavulana walikuwa wanatoroka kwenda kuoga, sisi tunaingia hadi magotini, ndoo inajaa, tunarudi. Halafu Mei 1996 meli ya abiria, MV Bukoba, ikazama humo ziwani. Nilikuwa darasa la tatu. Nyumbani kwetu hakufa mtu, ila redio ya baba haikuzimwa siku ile, na kilichonikaa kichwani ni ile habari ya watu waliokuwa wakigonga bati kwa ndani baada ya meli kupinduka. Tangu hapo sheria ya mama ikawa moja: atakayeonekana ziwani asirudi kula. Kivuko cha Kigongo hadi Busisi nilikivuka miaka yote ya sekondari nimeshikilia chuma, macho nimefumba. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2025 sidhani kama kuna mtu aliyefurahi kunizidi, na wakati huo nilishajua kuogelea!

Kilichonitoa nyumbani ni aibu, wala si ujasiri. Mwaka 2022 tulikwenda kwenye birthday ya mtoto wa rafiki, hapa Dar, kwenye hoteli yenye bwawa. Mwanangu akateleza ngazini, akaenda chini. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, glasi ya juisi mkononi, na sikusogea. Hata glasi sikuiweka chini. Aliyemtoa ni mhudumu aliyekuwa anakusanya sahani. Mtoto hakupata chochote, alikohoa akaendelea kucheza. Mimi sikulala.

Nikatafuta kocha. Kijana wa miaka 25 hivi, kuanzia dakika ya kwanza ananiita mama. Nimefika na nguo zangu za kuogelea mpya, ananiambia, "Mama, leo huingii. Nyumbani una beseni?"

Nikadhani ananidharau. Lakini hilo beseni ndilo jibu langu kwako, kwa hiyo nilieleze vizuri. Jaza maji beseni la kufulia, liweke juu ya stuli, pembeni weka taulo. Vuta pumzi ya kawaida kwa mdomo, zamisha uso mpaka masikioni, halafu toa pumzi taratibu kwa pua, uyasikie mapovu. Inua uso, vuta, rudia. Ni hivyo tu. Siku ya kwanza niliweza mara nne nikaanza kulia, mume wangu yuko mlangoni hajui acheke au anishike. Baada ya siku kumi nilikuwa nafika mara thelathini huku nawaza mboga za jioni.

Kwa nini pumzi kwanza? Kwa sababu muoga akiingia majini anabana pumzi. Ile hali ya kifua kutaka kupasuka mara nyingi haimaanishi kwamba oksijeni imekwisha, ni kaboni dayoksaidi inayojikusanya mwilini ndiyo inayokupigia kelele uvute hewa. Ukitoa pumzi ndani ya maji, unapoinua uso kazi iliyobaki ni kuvuta tu. Usipotoa, unainua uso unataka kutoa na kuvuta kwa pamoja, unapata nusu nusu, unahema kama mbwa, na hapo ndipo kichwa kinaanza kuzunguka. Nadhani hicho kizunguzungu chako kinatoka huko. Ila kama moyo wako una historia yoyote, pita kwanza kwa daktari. Na usijizoeze kuhema haraka haraka eti ukae chini muda mrefu. Hiyo inawazimisha hata waogeleaji wazuri, na ukizimia chini ya maji huna wa kumlaumu.

Sasa bwawani. Kina mita moja na ishirini, maji yananifika kifuani. Kocha akatoa sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni, akaitupa karibu na miguu yangu. "Mama, vuta pumzi nyingi, ibane, iokote hiyo." Nikavaa miwani, nikainama. Naiona kabisa, inameta. Nanyoosha mkono, makalio yananyanyuka. Najisukuma chini, maji yananirudisha juu kama boya. Jaribio la tatu nikajikunja, nimekumbatia magoti, nikahisi mgongo wangu wenyewe unatoka nje ya maji. Ile sarafu sikuiokota siku ile.

Mkuu, tangu utotoni niliamini maji yanavuta mtu chini. Kumbe mapafu yakiwa na hewa yanakusukuma juu, na wengi wetu tunaelea hata kama ni sehemu ndogo tu inayotoka nje. Ukitoa hewa yote ndiyo unashuka. Mwanaume mkavu mwenye misuli miguu yake itazama kidogo, hilo ni kawaida, wala lisikutishe. Na yule aliyeandika hapo juu kwamba sisi Waafrika mifupa yetu ni mizito hatuelei, amtafute Cullen Jones, Mmarekani mweusi aliyenusurika kuzama akiwa na miaka mitano, kisha mwaka 2008 akatwaa dhahabu ya Olimpiki Beijing na timu ya kupokezana. Au asiende mbali, afike Nungwi, Zanzibar, awaangalie watoto wanavyojirusha.

Kitu ambacho makocha wengi wanakiruka ni kusimama. Mtu mzima haogopi sana kulala juu ya maji, anaogopa kwamba akishalala hatajua kusimama tena. Mwombe kocha akufundishe hicho kabla ya kupiga miguu: ukiwa umelala kifudifudi, vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja viwili, inua kichwa mwisho, halafu shusha miguu. Kichwa kikitangulia kuinuka, miguu inakukimbilia nyuma. Nilirudia zoezi hilo vipindi viwili vizima, nalipa hela yangu, watoto wa darasa la kwanza wananipita wanapiga mbizi. Kuelea chali kulikuja baadaye na nilikuchukia. Masikio yakiingia maji dunia yote inanyamaza, unabaki unausikia moyo wako. Dawa niliyopewa ni kuangalia dari na kutoa tumbo juu.

Mengine yalikwenda kwa mwendo wake: ubao wa kushikilia, miguu, mikono. Kuvuta pumzi kwa pembeni kulinichukua miezi miwili na maji mengi ya klorini tumboni. Mita 25 bila kugusa ukingo nilimaliza wiki ya 14.

Kwa hiyo anzia bwawani, pale unapoweza kusimama. Baharini nilikwenda baada ya miezi minane, Kigamboni, na mtu anayejua, na siku tuliichagua. Tulikwepa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, tukasubiri maji mafu, siku ambazo yanapanda na kushuka kidogo. Tulikwepa pia miezi ya kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini. Chumvi inakubeba vizuri kuliko bwawani, hilo utalipenda. Wimbi la kwanza usoni hutalipenda. Ukijikuta mkondo unakupeleka nje, usipigane nao kurudi moja kwa moja, utachoka. Elea, pata pumzi, ogelea sambamba na ufukwe mpaka uutoke, ndipo ugeuke. Na ukisikia uchovu toka, hakuna anayekupa cheti.

Dada aliyeuliza kuhusu nywele na stara: mimi nina rasta, navaa kofia kubwa ya mpira na kulowanisha nywele kwa maji safi kabla ya kuingia. Nguo ni ya mikono mirefu na suruali yake, kitambaa cha kuogelea. Pamba usivae, ikilowa inakuvuta kama gunia, na mabwawa mengi yanaikataa.

Hofu haijaisha yote. Kwenye kina ambacho sioni chini bado tumbo linakaza, natoa pumzi kwa pua kama nilivyozoea kwenye beseni, naendelea. Ziwani kwetu sijaingia, kichocho ni sababu tosha. Na mama bado sijamwambia. Akipiga simu Jumamosi asubuhi, mume wangu humjibu kwamba nimekwenda sokoni.